Kupe, klamidia na jicho la kichanga: jina lisitupoteze

Ukisoma kwamba kupe wamekutwa na klamidia, halafu ukakumbuka kuwa klamidia huwasumbua vichanga macho, akili inafunga hesabu yenyewe: kumbe kupe ndio wanaowaambukiza watoto! Hebu tusimame hapo kidogo.

Mwaka 2015 jarida la Applied and Environmental Microbiology lilichapisha utafiti kutoka Uswisi. Watafiti walichunguza zaidi ya kupe 8,000 wa aina ya Ixodes ricinus, wakitafuta DNA ya bakteria wa oda ya Chlamydiales. Waliipata, tena ya aina nyingi. Kwa ukubwa wa sampuli, kazi hii inastahili pongezi. Shida yangu iko kwenye kichwa chake, kinachosema matokeo yanaashiria kwamba kupe ni hifadhi na wasambazaji wa bakteria hao.

Hayo ni madai mawili, siyo moja. Hifadhi maana yake bakteria wanaishi humo. Msambazaji maana yake kupe akiuma, anawapitisha kwa anayeumwa. DNA ni kama unyayo: unakwambia kuna aliyepita, haukwambii kama yu hai wala anaelekea wapi. Isitoshe, kupe hunyonya damu ya wanyama mbalimbali, kwa hiyo DNA nyingine inaweza kuwa imeingia na mlo tu. Neno "yanaashiria" linawakinga waandishi, lakini msomaji mwenye haraka halioni.

Unataka kujua ushahidi wa usambazaji unafananaje? Angalia homa ya papasi. Karibu na mwaka 1905, Dutton na Todd wakiwa mashariki mwa Kongo waliwaacha papasi wawaume tumbili, na tumbili wakaambukizwa. Kipindi hichohicho, Robert Koch, akiwa katika eneo ambalo leo ni Tanzania, aliwaona bakteria hao ndani ya mayai ya papasi. Dutton mwenyewe alifariki kwa homa hiyo mwaka 1905, na bakteria akapewa jina lake: Borrelia duttonii. Huyu kweli huwafikia vichanga, maana mama mjamzito akiugua, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa na maambukizi. Lakini dalili yake kuu ni homa, siyo macho kutoa usaha.

Sasa turudi kwenye jicho. Anayelishambulia ni Chlamydia trachomatis, bakteria wa binadamu. Mtoto humpata wakati wa kuzaliwa, akipita kwenye njia ya uzazi ya mama mwenye maambukizi. Kwa kawaida, kati ya siku ya 5 na ya 14 kope huvimba na usaha huanza kutoka. Wale wa kwenye kupe wa Uswisi wengi ni wa familia nyingine, kama ile ya Rhabdochlamydia. Undugu wao na huyu wa macho ni kama wa simba na fisi: oda moja, familia tofauti. Ng'ombe wako akiliwa na simba, huendi kutega mtego wa fisi.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu kosa hapa lina gharama. Mama akiamini kuwa jicho la mwanawe limeharibiwa na wadudu, atafyeka majani na kuosha mbwa, huku yeye na mwenzi wake wakibaki bila matibabu. Mtoto naye akipakwa dawa machoni tu, bakteria waliobaki puani na kooni wanaweza kushuka mapafuni na kumletea nimonia. Ndiyo maana anahitaji antibiotiki ya kunywa anayopewa na daktari, na wazazi wote wawili watibiwe. Halafu kuna kisonono, kinachoingia kwa njia hiyohiyo ya uzazi lakini huanza mapema zaidi, siku ya 2 hadi ya 5, na kinaweza kutoboa kioo cha jicho haraka sana.

Kwa hiyo, ukikutana na habari ya aina hii, uliza: wameona bakteria hai au DNA tu? Kuna aliyeumwa akaambukizwa? Ni spishi ileile au ndugu wa mbali? Na kama kuna kichanga nyumbani anatoa usaha machoni, usisubiri kumaliza kusoma. Mpeleke hospitali leo, na mama apimwe papo hapo.