Vumbi Kwenye Kiungo cha Kisu

Kisu cha kukunja kikikaza, watu huilaumu springi, kisha hukimbilia mafuta. Kolwezi, mji wa madini nchini Kongo, cha kushukiwa kwanza ni vumbi. Barabara za udongo zinazopitiwa na malori ya madini hulitimua kiangazi kizima, nalo si lote lenye ubaya sawa. Malakiti, ule ukijani unaoashiria shaba, ni laini kuliko chuma; chembe za kwazi (quartz) ndizo zinazoushinda hata ubapa kwa ugumu. Mafuta mengi huzinasa, yakawa tope la kunolea linalokula ribiti kila kisu kinapofunguliwa. Mawese ndiyo mabaya zaidi: mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na baridi ya usiku wa Juni huyagandisha.

Linganisha visu viwili. Okapi, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Afrika na baadaye ikahamia Afrika Kusini (jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo), ina springi mgongoni, na meno ya ubapa hupita chini yake yakilia. Opinel ya Ufaransa haina springi hiyo: ubapa hubanwa na mti wa mpini, na pete iliyoongezwa mwaka 1955 ni kufuli tu. Hata hivyo nayo hukaza, hasa mvua zikianza, kwa kuwa mti hunywa maji ukavimba. Basi springi haiwezi kubeba lawama yote. Opinel ikaushwe kivulini, bila haraka. Okapi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikifunguliwa na kufungwa humo humo hadi maji yatoke safi. Ikaushwe papo hapo, maana chuma chake hushika kutu, kisha itiwe tone moja la mafuta ya cherehani, ziada ifutwe.

Fundi atasema ni rahisi zaidi kuipiga springi tupa au kulegeza ribiti. Ni kweli kisu kitafunguka kwa kidole kimoja. Lakini springi hiyo hiyo ndiyo inayozuia ubapa usirudi juu ya vidole mtu anapokata kamba ya gunia, na ribiti iliyolegea huufanya uyumbe, hivyo vumbi likapata mlango mpana zaidi. Ugumu ukibaki baada ya kuosha, tazama kwanza kama ubapa umepinda na unasugua ubavu wa mpini: mkwaruzo mmoja unaong'aa hutosha kuonyesha.