Sifa ya Kamba Ndefu

Nangurukuru hakuna bahari. Ni njia panda: kaskazini Dar es Salaam, kusini Lindi na Mtwara, na upande wa pili barabara inayoteremka kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Lakini mtu wa pwani akikosa kitu kwao, hupanda hapo kukitafuta, na madukani utaona ndoo, taa, nyavu na marobota ya kamba za plastiki, za bluu na za kijani, zinazouzwa kwa mita. Niliuliza kamba ya usumba. Kijana wa dukani alikuwa na adabu. "Usumba ndiyo nini, mzee?" Nikamweleza kuwa ni nyuzi za makumbi ya nazi, yanayofukiwa kwenye tope la pwani, yakafukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa. Akasema hajapata kuiona.

Niliondoka pale na huzuni ambayo haijanitoka. Kamba ile ilikuwa na kazi nyingi, lakini niliyoipenda zaidi ni kufungasa, yaani kuvuta, chombo kilichoharibika baharini. Usumba huelea, hivyo hauzami kwenda kujisokota kwenye shikio au, siku hizi, kwenye pangaboi. Na hunyumbuka, ukapokea wimbi kabla halijafika kwenye mbao. Mabaharia wa Ulaya nao waliutumia kuvutia meli zao kwa sababu hizo hizo. Ya plastiki nayo mara nyingi huelea, ni kweli, ila jua huila polepole. Siku ya mvuto mzito hukatika bila kuaga, na ncha yake ikirudi hujeruhi vibaya.

Fundi wa kazi hii niliyemwona kwa macho yangu ni nahodha mmoja wa Kivinje, mtu mzima sana. Ilikuwa msimu wa kusi, tunatoka kisiwa cha Songo Songo kwa mashua yake, tukakuta boti ya mashine imezimika, inatanga. Vijana wa boti nyingine walikuwa wameshajaribu kuivuta. Walifunga kamba fupi kwenye kigingi cha omo, wakafungulia mashine yote kwa mara moja, na kigingi kikang'oka pamoja na kipande cha ubao. Maji yakaanza kuingia. Wale wavutaji walikwenda zao, wakisema wanatafuta msaada.

Mzee hakuikimbilia. Aliizunguka kwanza kwa mbali, akitazama inavyolala na jinsi upepo unavyoisukuma kuliko mashua yetu. Kisha akapaza sauti: wako wangapi, maji yamefika wapi, kuna mgonjwa? Wanawake na watoto wakahamishiwa kwetu kabla kamba haijaguswa. Kwake yeye chombo hununuliwa, mtu hanunuliwi, na hilo hakulijadili na mtu. Waliobaki aliwaamuru wakumbe maji mpaka ngama ionekane, na tundu la omo waliziba kwa gunia na kipande cha ubao.

Alipita upande upepo unakotoka, akaachia dumu tupu lililofungwa kamba nyembamba. Upepo ukalipeleka mpaka mikononi mwao, nao wakavuta kamba nene iliyofuata. Hakuruhusu ifungwe sehemu moja. Ilizungushwa kwenye mbao za kukalia, mbili kwa pamoja, ili uzito ugawanyike, kisha ikatokea katikati ya omo, na pale inapogusa ubao pakatandikwa gunia isilike. Kwetu aliifunga mbele kidogo ya shikio. Ukifunga nchani kabisa mwa tezi, chombo kinachovutwa ndicho kinachokuongoza, wewe hugeuki tena. Fundo lilikuwa la kufunguka kwa mvuto mmoja, na panga liliwekwa karibu, na kijana wa kulishika akatajwa kwa jina.

Halafu ikaja sehemu ambayo ningependa kila mwenye mashine aione. Mzee aliilegeza kamba, akaitazama, akaikaza, akailegeza tena. Sisi tukipanda wimbi, wao walikuwa wakishuka, na kamba ilikuwa ikilegea halafu inakazwa kwa kishindo. Akaendelea kuitoa, pima baada ya pima, mpaka vyombo viwili vikawa vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Katikati ya kamba alikuwa ameshaning'iniza jiwe la nanga. Uzito huo huizamisha kamba kidogo, na mshtuko ukija, unainua jiwe kwanza kabla ya kuvuta mbao. Ndipo akaanza kwenda, taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa kwenda kuoga.

Kijana mmoja kule nyuma alipiga kelele: "Babu, ongeza mwendo, jua linazama!"

"Acha lizame, mwanangu. Rudini tezi, nyote."

Walirudi. Omo ikanyanyuka, na boti iliyokuwa ikiyumba kulia na kushoto ikatulia. Mashine yao ilikuwa imeinuliwa juu ya maji, na mmoja wao akaongoza kwa kasia. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kwenye mstari wa kamba.

Kivinje tulifika maji yamekupwa. Anayeijua pwani ile anajua maana yake: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na tope hutandaa mpaka mbali. Mzee akatia nanga nje, akangoja. Maji yalipojaa aliivuta boti ubavuni kwetu, akaweka magunia katikati, akafunga omo kwa omo na tezi kwa tezi, na vyombo viwili vikaingia kama kimoja. Watu wa boti ile waliteremka miguu yao mikavu.

Ujuzi huu haukuzuka juzi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji ulioishi kwa bahari, na vyombo havikuanza kuharibika zama za mashine. Hata jana tu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika ilipofunga barabara ya kusini, mizigo ilikwenda kwa majahazi. Shwari ilipowakamata mlangoni, mabaharia walishuka kwenye mashua ndogo wakalifungasa jahazi kwa makasia, au walipeleka nanga mbele wakajivuta kuiendea.

Barabara ikatufanya tuone bahari kuwa ni ya wavuvi peke yao. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara hiyo hiyo hapa Kilwa, nilitamani tuikumbuke bahari. Tukiikumbuka, haikuwa kwa muda mrefu.

Leo mashine zina nguvu, na nguvu imewafanya watu wavute kwa hasira. Naona kamba fupi, nimeona kamba iliyounganishwa vipande vitatu vya rangi tatu, naona boti iliyojaa abiria ikivutwa kwa mwendo wa kukimbilia soko. Leseni hukaguliwa, majaketi ya kujiokolea huhesabiwa, na ni haki kabisa. Sijapata kumsikia mkaguzi akisema: nionyeshe kamba yako ya kufungasia, na nionyeshe utaifunga wapi. Mikutano ya vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU) huzungumzia nyavu, ushuru na uvuvi wa baruti, mambo mazito yote, lakini siku moja ya maji mafu ingetosha kuchukua boti mbili mbele ya Masoko na kumkabidhi mzee kama yule vijana wa kuwafundisha. Wazee hao bado wapo, Kivinje na Songo Songo, wanakaa barazani baada ya swala ya Alasiri. Yule niliyemwona mimi ameacha bahari, macho yamemchoka. Nilimuuliza nani amechukua kazi yake. Akanitajia wanawe, mmoja dereva wa lori, mmoja fundi wa simu, na kamba yake, akasema, aliikata vipande kufungia mbuzi.