Herufi N katika Tafsiri za Programu

Wafasiri wa programu za kompyuta wamekifanyia Kiswahili kazi ya kusifiwa, hasa tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini tafsiri hupimwa kwa jicho la binadamu peke yake. Mashine za Unix zina msomaji wa pili, naye amesahauliwa.

Msomaji huyo ni programu ya majaribio. Expect, iliyotungwa na Don Libes mwaka 1990, hushika nafasi ya mtu: hupiga hodi kwenye mashine ya mbali, hungoja swali, hujibu, hungoja tena. Maana haijui, hulinganisha herufi tu. Ikiagizwa kungojea “Password:”, na mashine ikauliza “Nywila:”, itangoja mpaka muda wake uishe, ambao kwa desturi ni sekunde 10. Fundi aliyeko Litumbandyosi, wilayani Mbinga, akiijaribu mashine iliyoko Dar es Salaam kwa mtandao mzito, hawezi kutambua kama kosa ni la njia au la lugha.

Hilo ni dogo. Kiswahili huridhia kwa “ndiyo”, na Kiingereza hukataa kwa “no”. Yote mawili yaanza kwa N. Programu iliyofunzwa kujibu “n” ili faili zisifutwe, ikikutana na swali lililofasiriwa pamoja na jibu lake, itakuwa imetoa ruhusa ya kuzifuta. Mfasiri hakukosea neno hata moja, na hasara imepatikana. (Aandikaye “ndio” badala ya “ndiyo” huongeza tatizo jingine, palipotakiwa neno zima.)

Dawa inayopendwa na mafundi ni kuiamuru mashine izungumze Kiingereza wakati wa majaribio, kwa kuandika LC_ALL=C. Majaribio hufaulu, lakini Kiswahili chenyewe hakikujaribiwa. Humfikia mtumiaji kikiwa na makosa yake yote. Afadhali kuingia kwa ufunguo wa SSH, chombo alichokitunga Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995, ili swali la neno la siri lisiulizwe kabisa. Na matokeo yasomwe kwa tarakimu ambayo kila amri ya Unix huirudisha imalizapo, 0 ikiwa imefaulu. Maswali yanayobaki yajaribiwe kwa Kiswahili, na mfasiri aorodheshe herufi za majibu yake, N na H, kabla ya kazi kutolewa.