Kisawe Kinachodhaniwa: Uhakiki wa Kanuni ya Newmark katika Tafsiri ya Msamiati wa Vyakula na Huduma za Wageni, Mwambao wa Tanga

Newmark (1988) anayaweka majina ya vyakula miongoni mwa maneno ya kiutamaduni. Kanuni anayoipendekeza ina sehemu mbili: neno lenye kisawe kinachotambulika katika lugha lengwa litafsiriwe kwa kisawe hicho, lisilo nacho lihawilishwe na kuambatanishwa na neno la jumla. Kanuni hiyo inapopimwa kwa msamiati wa Tanga na Pangani unaotafsiriwa kwa Kiingereza, udhaifu wake hauonekani katika maneno yasiyo na visawe, bali katika yale yanayodhaniwa kuwa navyo.

Mfano wa kwanza ni neno hoteli. Asili yake ni Kifaransa, nalo liliingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza. Katika matumizi ya Tanga, hoteli huweza kuwa mahali pa kula tu, pasipo kitanda hata kimoja. Anayetafuta malazi huelekezwa gesti. Mfasiri anayelirudisha neno hilo katika Kiingereza kwa umbo lake humpeleka mgeni mwenye mizigo kwenye chai na maandazi. Jambo hili si la Kiswahili pekee: entrée, neno ambalo Newmark mwenyewe anakiri kuwa lina utata, ni chakula cha kufungulia mlo Ufaransa, lakini ni chakula kikuu Marekani.

Mfano wa pili ni mkate wa kumimina. Kisawe cha mkate kimo katika kila kamusi, lakini humfanya msomaji atarajie unga wa ngano uliokandwa. Kinachofika mezani ni mchele uliosagwa kwa tui la nazi, ukatiwa sukari, hamira na iliki, kisha ukamiminwa chomboni na kuokwa. Mlaji mwenye mzio wa nazi haonywi na kisawe hicho.

Newmark analaumu pia matumizi ya Kifaransa yasiyo ya lazima katika menyu za Kiingereza, akiyahusisha na kutafuta fahari. Lawama hiyo ina msingi huko, lakini haihamishiki Tanga, ambako neno la Kiswahili likibakizwa hubeba taarifa, si fahari.

Kwa hiyo, kanuni inahitaji sharti la awali: kisawe kithibitishwe kwa viambato, mapishi na matumizi ya mahali. Hoteli itafsiriwe kwa kazi yake. Mkate wa kumimina uhawilishwe, na maelezo yake yataje mchele na nazi.