Kigurudumu cha Dira

Dira ya maji kwenye ua wa nyumba ya Ruhuwiko, Songea, ina tarakimu nyeusi za uniti, kila uniti lita 1,000, na pembeni kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi wetu hatukitazami. Msoma dira hodari hukitazama. Hufuta vumbi kwenye kioo, humwomba mama mwenye nyumba afunge mabomba yote, kisha huchuchumaa na kusubiri. Kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja mahali ndani ya uzio.

Nawavulia kofia wanaopanga vipimo vya utendaji katika mamlaka za maji, maana wamelichukua swali la kigurudumu hicho wakalipandisha ngazi kwa ngazi bila kulipotosha: je, kuna maji yanayopita pasipo mtumiaji? Meneja wa kanda hawezi kuchuchumaa kwenye kila dira. Yeye anahitaji dira kubwa kwenye bomba linaloingia mtaani, isomwe kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Maji yakipita kwa wingi saa hizo, huenda bomba limepasuka chini ya ardhi. Huko juu SOUWASA, mamlaka ya maji ya Songea, inajumlisha maji yaliyozalishwa na kutoa yaliyouzwa. Pengo hilo, likiwemo la wizi na la dira chakavu, ndilo asilimia ya upotevu inayofika EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ambako ukomo unaokubalika ni asilimia 20.

Lakini asilimia ikisimama peke yake hudanganya, na hapa ndipo mpangaji mahiri wa vipimo anapojulikana. Mji wenye mgawo mkali unaweza kuonekana unaokoa maji, kumbe bomba kavu halina cha kuvuja. Kwa hiyo EWURA huangalia pia saa ambazo wateja wanapata huduma. Kipimo kimoja kinamchunga mwenzake.

Hali ni hiyo hiyo ngazi ya chini. Ukimpima msoma dira kwa idadi ya dira alizozisoma tu, unamzoeza kukisia. Usomaji shirikishi uliziba mwanya huo: mteja anaitwa, anasimama kando ya dira, wanasoma pamoja, ndipo uniti zinaingizwa kwenye mfumo. Tarakimu inayoanza safari ya kwenda EWURA, Dodoma, imekwisha kuonwa na watu wawili, na mmoja wao ndiye atakayeilipia.