"Mpinga Kristo" na Kristo wa Bandia: Neno Moja la Biblia Mbele ya Soko la Kariakoo

Katika Agano Jipya zima jina la Kiyunani antichristos limo katika nyaraka mbili tu, Waraka wa Kwanza na Waraka wa Pili wa Yohana. Halimo katika Ufunuo, halimo katika Injili, wala Paulo hakulitumia alipowaandikia Wathesalonike. Walakini mtu aendaye jioni kusikiliza mkutano wa Injili katika viwanja vya Jangwani, au asimamaye katika njia ya Kariakoo mahali mhubiri alipoweka kipaza sauti chake, atasikia jina moja la Mpinga Kristo likibebeshwa mizigo yote: Mnyama wa hesabu ya 666, mwana wa uharibifu, manabii wa uongo na makristo wa uongo. Mkusanyo huo haukuanzia Dar es Salaam. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliufanya katika karne ya 2, na makanisa yameurithi kwake. Lililo la Kiswahili hasa ni jina lenyewe. Na kwa kuwa watu hukiogopa kitu kwa kadiri ya jina walilopewa la kukiitia, yafaa jina hilo lipimwe.

Kiungo anti katika Kiyunani kina maana mbili. Maana moja ni ya kushindana: kuwa kinyume cha mtu, kumkabili. Maana ya pili ni ya kushika mahali: kuwa badala ya mtu, kukaa penye kiti chake. Jina zima la Kiyunani hubeba maana zote mbili kwa pamoja, na hofu yake imo katika kule kuchanganyika kwake. Kiswahili cha Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na kusomwa tangu hapo katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki, kilichagua "mpinga Kristo". Kwa sarufi neno hilo halina doa. Limeundwa kama mpiga ngoma na mlinda mlango, na mtoto wa Gerezani hulielewa bila kufundishwa. Lakini kupinga ni kukingama njiani, kuzuia, kukataa waziwazi. Mpingaji huonekana. Husimama mbele ya mtu na kusema hapana. Maana ya kwanza ya anti imefika pwani salama, na ile ya pili imezama baharini.

Tena neno hilo halikukaa mahali lilipowekwa. Tangu vyama vingi viliporudi nchini mwaka 1992, upinzani na wapinzani yamekuwa maneno ya siasa ya kila siku, na Mtaa wa Lumumba, ambako ofisi ndogo ya chama kinachotawala imesimama, uko ukingoni mwa Kariakoo. Msikilizaji wa leo akiambiwa habari za mpinga, hutazama kambi ya upande wa pili. Watafsiri wa 1952 hawakuweza kulijua hilo, na haiwi haki kuwalaumu; ila msomaji wa sasa hana budi kulijua.

Yohana mwenyewe asingelikubali kwamba adui huyo aonekane kwa mbali. Katika Waraka wa Kwanza asema kwamba wapinga Kristo wamekwisha kuwa wengi, na kwamba walitoka katika kundi lile lile la waaminio. Katika Waraka wa Pili alijumlisha majina mawili kwa pumzi moja, mdanganyifu na mpinga Kristo, kana kwamba la kwanza ni ufafanuzi wa la pili. Ufunuo, ingawa haulitumii jina, unaendelea katika njia hiyo hiyo. Mnyama wa pili wa sura ya 13 ana pembe mfano wa mwana-kondoo, na ni sauti yake tu inayomfichua, kwa kuwa ni ya joka. Wafuasi wake hutiwa chapa juu ya paji la uso. Na msomaji asisahau kwamba katika sura ya 7 watumwa wa Mungu wametiwa muhuri mahali hapo hapo. Basi chapa ni muhuri ulioigwa. Mnyama hana jambo jipya alilolibuni: ana nakala.

Tafsiri ya Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti na Katoliki, ililenga Kiswahili chepesi, na mahali pengi ilifaulu. Mahali hapa haikufaulu. Badala ya mpinga Kristo iliweka "Adui wa Kristo". Mpinga angalau huweza kupinga akiwa ndani ya nyumba, kama ndugu apingavyo neno la kaka yake barazani. Adui hutoka nje, na mlango hufungwa anapokuja. Wepesi umenunuliwa kwa bei ghali. Pia ile chapa ya Union imekuwa "alama" katika Habari Njema, neno lisilo na moto wala chuma ndani yake. Alama yaweza kufutwa kwa kitambaa.

Jambo la kushangaza ni kwamba pwani ilikuwa tayari na neno. Waislamu wa mitaa hii, kama Waislamu wa Unguja, Mombasa na Lamu, wamelijua jina la Dajali tangu zamani: Masihi Dajali, mwenye jicho moja, atakayewapotosha watu kwa miujiza na kudai uungu, mpaka Isa bin Mariamu atakaposhuka na kumwua. Habari zake zimo katika Hadithi, na madrasa zimezifundisha. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mwongo sana aweza kuitwa dajali hata na asiyejua kisa chote. Shina la neno hilo ni uongo na udanganyifu. Na yule aliyezoea kudhani kwamba ni neno geni kwa Wakristo atazame tafsiri ya kale ya Kisiria, iitwayo Peshitta: katika Mathayo sura ya 24, pale Yesu anapoonya juu ya makristo wa uongo, wanaitwa kwa Kisiria meshihe daggale. Wanazuoni wengi huona kwamba Kiarabu kilipata jina la al-Masih ad-Dajjal kutoka kwa Wakristo wa Kisiria. Hivyo Dajali wa Kariakoo na makristo wa uongo wa Mathayo ni ndugu wa damu, waliofika mji mmoja kwa njia mbili, mmoja kwa jahazi na madrasa, mwingine kwa misheni na kiwanda cha chapa.

Kwa nini watafsiri wakampita? Haikuwa kwa kuogopa Kiarabu. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, ndiye aliyejitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu. Union haikumfuata, bali iliacha nabii, malaika, shetani, dhambi na Injili yakae mahali pake. Sababu iliyo karibu na ukweli ni kwamba Dajali haji peke yake. Huja na jicho lake moja, na Isa ambaye si Mwana wa Mungu, na mwisho wa dunia ulio wa dini nyingine. Sababu hiyo ina uzito. Hata hivyo neno nabii nalo lilikuwa na hadithi zake kabla ya kuingia katika Biblia, na halikukataliwa.

Lililopotea katika vitabu halikupotea sokoni. Kariakoo, iliyopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, labda ndiyo mahali penye msamiati mpana kuliko pote nchini wa kitu kinachojifanya kingine. Katika Mtaa wa Kongo na Msimbazi mteja hupewa orijino na feki, hutajiwa bandia na ghushi, huonywa juu ya tapeli. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa za bandia na kuziteketeza. Na tazama chapa ilivyo huko: kwa mfanyabiashara chapa ndiyo dalili ya uhalali, ndiyo mnunuzi anayoitafuta kwa kidole katika ukosi wa shati, kwa sababu hiyo hiyo ndiyo mghushi anayoiiga kwanza. Hakuna aghushiye kitu kisicho na thamani, wala hakuna aghushiye kwa kukipinga kile cha asili. Mchuuzi anayekaa juu ya kirago chake anaifahamu sura ya 13 ya Ufunuo vizuri kuliko alivyofasiriwa.

Ila mahubiri aghalabu hayamwachii aifahamu hivyo. Yakiwa yameshika jina la mpinga, hulazimika kumtafuta aliyeko nje, na orodha ya walio nje hubadilika kwa majira. Katika miaka ya 2010 mji ulijaa maneno juu ya Freemason, hata kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka 2012 kikavutwa katika uvumi huo. Jengo la chama hicho lipo wazi katika Barabara ya Sokoine, na Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wake Afrika Mashariki, hakuuficha uanachama wake. Wakati watu walipokuwa wakimtafuta Mnyama katika jengo hilo, nguzo za umeme za Kariakoo zilibandikwa matangazo ya kuwaalika watu wajiunge na Freemason wapate utajiri, pamoja na namba ya simu. Mwenye namba hiyo hakuwa Freemason. Alikuwa tapeli, na waliompelekea fedha walikuwa baadhi ya hao hao waliofundishwa kuogopa. Uongo ulipita kwa kuvaa vazi la kile kilichoogopwa, na jina la mpinga halikumsaidia mtu kulitambua.

Mambo mengine hayakuishia katika fedha. Kanungu, katika Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurudisha Amri Kumi waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya viongozi wao kutabiri mwisho wa dunia usiotimia. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, za watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, aliyekamatwa na kufikishwa mahakamani, alikuwa amehubiri kwa miaka juu ya adui wa siku za mwisho. Alimwona katika shule, katika hospitali, na mwaka 2019 katika Huduma Namba, orodha ya raia iliyoanzishwa na serikali ya Kenya. Wasikilizaji walijifunza kukagua kila mlango isipokuwa ule uliokuwa nyuma ya mimbari. Hapana haja ya kudai kwamba neno moja la tafsiri liliua watu. Njaa na hila na ukimya wa majirani vilikuwa na kazi kubwa zaidi. Lakini mafundisho hayo yasingesimama kwa urahisi mbele ya mkutano uliozoea kusikia kwamba yule wa kuogopwa hushika mahali pa Kristo, hunena kwa jina lake na kutoka katika kundi lake.

Mtetezi wa "mpinga" ana hoja moja ya kweli, nayo haipasi kufichwa. Yohana asema kwamba huyo humkana Baba na Mwana, na kukana ni kupinga. Basi neno la Union si kosa, ni nusu. Nusu ya pili yaweza kurudishwa bila kuligusa jina lililozoeleka kwa zaidi ya miaka 70, kwa maelezo mafupi chini ya ukurasa penye 1 Yohana 2, au kwa mhubiri kusoma 2 Yohana kabla ya kufungua Ufunuo. "Kristo wa bandia" lingefaa katika maelezo hayo. Bandia kwa asili ni mwanasesere, kitu chenye uso na nguo na mikono ya mtu, ambacho watoto hukibeba mgongoni na kukiimbia kama kwamba chapumua.