Picha Yenye Mgongo

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, picha ya familia ilitayarishwa nyumbani siku nzima ndipo ikapigwa studio kwa nukta moja. Pasi ya mkaa iliwashwa mapema, kanzu zikanyooshwa, nywele za wasichana zikasukwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na viatu vya Idi vikatolewa vilikohifadhiwa, kwa maana kila mmoja katika nyumba alifahamu kwamba uso utakaonaswa siku ile ndio watakaoukuta wajukuu. Mpiga picha aliwapokea watu waliokwisha kujitengeneza, naye akaona ni wajibu wake kutoiharibu kazi ile kwa haraka.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haukuchelewa kuvuka bahari, kwani katika msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliopita pwani hii kati ya 1846 na 1848, zilipigwa picha za wenyeji juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Kabla karne ya 19 haijaisha, A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit. Na huko Lamu, Omar Said Bakor akajenga jina lake kwa picha za watu wa mji wake. Majina hayo yanatajwa hapa kwa heshima, ingawa sifa kubwa zaidi ni ya mafundi wa vichochoroni ambao majina yao yamefutika vibaoni.

Ustadi wao ulidhihirika zaidi pale alipoletwa mtoto mchanga. Mtoto hakutolewa nje kabla ya arobaini, yaani zile siku 40 ambazo mzazi na mwanawe hukaa ndani wakihudumiwa, na hata baada ya hapo familia nyingi zilisubiri mpaka aweze kukaa kitako. Alinyonyeshwa na kulazwa kwanza, kwa sababu mtoto mwenye njaa au usingizi hana subira na fundi yeyote. Kisha akaogeshwa, akapakwa poda, akatiwa wanja machoni, na doa jingine la wanja likawekwa makusudi kwenye paji la uso ili kumkinga na kijicho. Mpiga picha aliyeijua kazi yake hakuomba doa lile lifutwe, kwani alitambua kwamba bila hilo mama asingetulia, na mama asipotulia mtoto hulia.

Ilibaki kazi ya kumkalisha. Wapiga picha wa Ulaya wa karne ya 19, ambao kamera zao zilihitaji mtu atulie muda mrefu, walizoea kumfunika mama gubigubi kwa kitambaa na kumpakata mtoto juu yake, mama akageuka kuwa kiti. Mwambao ulikuwa na kanga. Mto uliwekwa nyuma ya mtoto, kanga ikatandazwa juu yake, na mkono wa mama ukapita chini ya pindo kumshika kiuno, hata katika picha za namna hiyo jicho lenye makini huweza kukuta ncha za vidole vyenye hina zikichungulia pembeni. Fundi angeweza kuzikata wakati wa kusafisha picha, lakini aliziacha, na huenda hakuna ushahidi wa mapenzi ulio mfupi na mkamilifu kuliko vidole hivyo.

Baada ya hapo fundi alisubiri. Mkanda uliotumiwa katika kamera nyingi za studio ulitoa picha 12 tu, na kila moja ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo aligonga ulimi, akatikisa shada la funguo, akajificha na kuchomoza, asibonyeze mpaka macho ya mtoto yafunguke. Usiku, katika chumba cha giza, aliichukua negativu, yaani sura ile ambayo weupe huonekana mweusi na weusi mweupe, akaipitishia penseli iliyochongwa kama sindano, ili mahali palipokuwa na kivuli kizito chini ya macho ya mama aliyekesha patoke pakiwa na nuru.

Picha ilipotoka iliandikwa mgongoni jina la mtoto, tarehe, na salamu kwa bibi aliye mbali. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, familia nyingi zilipotawanyika hadi Omani na nchi nyingine za Ghuba, picha za namna hiyo zilisafiri katika bahasha, na jamaa waliotenganishwa na bahari wakamjua mtoto kwa sura kabla ya kumjua kwa sauti.

Leo mtoto hupigwa picha mia kabla ya arobaini yake kwisha, akiwa amelala, akilia, au nusu ya uso wake ikiwa nje ya fremu, na hakuna anayezirudia. Studio nyingi zilizobaki huishi kwa picha za paspoti, ambazo sheria yake ni kwamba mtu asitabasamu. Programu za simu hulainisha ngozi ya mama asiyeomba kulainishwa, na huweza kuvifuta vidole vyake pembeni kana kwamba ni takataka. Simu ikitumbukia majini au ikiibiwa, utoto mzima huondoka nayo, na hata ikisalimika, mjukuu atakayeikuta sura ya mtoto asiyemfahamu hatakuwa na pa kuigeuza asome, kwa kuwa picha ya simu haina mgongo.